Shimo Lililokata Majivu

Nilikuwa mtu wa kwanza wa ufuko wetu wa Ziwa Tanganyika kusomea vitu vya kale vya Wagiriki na Warumi, na hadi ninapoandika haya sijasikia wa pili. Nalisema mwanzoni ili msomaji asingoje kulisikia kwa mtu mwingine. Vijana wa umri wangu walitoka Uvira wakawa makarani, wasaidizi wa waganga, madereva wa malori ya pamba. Kazi nzuri zote. Mimi nilikwenda Roma.

Mapadre ndio walionipeleka, kwa ajili ya upadre. Baada ya miaka miwili niliwaambia sina wito, nao wakaniambia basi sina chakula. Kila kilichofuata nilijitafutia mwenyewe. Asubuhi niliosha sahani katika hoteli moja karibu na stesheni ya treni. Mchana niliingia darasani katika chuo cha Kanisa kilichofundisha elimu ya mambo ya kale. Na miezi ya joto nilikwenda Ostia, mji wa bandari wa Warumi wa zamani, ambako chuo chetu kilikuwa na eneo lake la kuchimba. Mwaka wa kwanza nilibeba ndoo za udongo tu. Nikisimama kutazama sakafu iliyofunuliwa, yenye samaki na farasi waliopangwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe, msimamizi alinipigia kelele:

"Bwana mwanafunzi! Kaisari amelala miaka elfu mbili, anaweza kungoja. Ndoo haingoji!"

Mwaka wa pili walinipa mwiko, ule mdogo wa fundi mwashi wenye ncha, na tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi mwenzangu aliyenishinda kusoma udongo. Hili si majivuno yangu, liliandikwa katika ripoti ya chuo. Wao walikuwa watoto wa mawakili na madaktari. Udongo waliuona mara ya kwanza pale. Mimi nilikuwa nimelima mihogo na mama yangu tangu nikiwa na miaka sita. Nilijua udongo uliofunguliwa na jembe unavyokuwa, na ule ambao haujaguswa.

Watu hudhani kazi hii ni kutafuta dhahabu. Sivyo. Kazi yenyewe ni kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Miaka hulala chini kama magunia ghalani, la zamani chini, la jana juu. Mtu akichimba shimo, hata akilijaza tena na kulikanyaga, hawezi kurudisha udongo ulivyokuwa. Ndani utabaki laini, umechanganyika, na rangi yake tofauti. Na shimo siku zote ni changa kuliko kila tabaka lililokatwa nalo. Hiyo ndiyo sheria kubwa. Mengine yote, majina ya bakuli nyekundu za Warumi, michoro ya mitungi ya Wagiriki, taa za mafuta na mihuri ya matofali, niliyajua kwa kukariri, na nikayajua vizuri. Sheria ya shimo niliijua kwa mikono.

Mwaka wangu wa mwisho tulikuta, chini ya ngazi za duka la mafuta, chungu kilichozikwa kikiwa kimejaa: vijiko vya fedha, taa mbili za shaba, funguo. Tulishangilia. Mkuu wa machimbo hakushangilia. Alisema kila hazina tunayoipata ni ya mtu ambaye hakurudi. Angerudi, angeichukua, nasi tusingekuta kitu. Nilimwona mzee anayependa huzuni.

Uhuru ulinikuta huko huko. Nilisoma habari za Kongo katika magazeti ya Kiitaliano, na nikajua kwamba nchi ambayo watu wake wenye diploma ya chuo kikuu wanahesabika kwa vidole itanihitaji. Nikamaliza na kufaulu kwa sifa kubwa, nikapewa diploma: karatasi nene ngumu, maandishi ya Kilatini kwa wino mweusi, na chini yake mhuri wa nta nyekundu wenye funguo mbili zilizopishana. Nikaiweka katika mrija wa bati uliokuwa na kifuniko, na mwaka wa tatu wa uhuru nikashuka kutoka kwenye ndege Usumbura, Bujumbura ya leo, nikavuka mpaka, nikaingia Uvira kwa lori lililobeba ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikiwa nimevaa suti.

Mama alikuwa akiishi mtaa wa Rugenge, katika nyumba ya matofali mabichi na paa la nyasi aliyoachiwa na baba. Alinikumbatia, akanilisha, akaita majirani wanione. Wageni walipoondoka aliniuliza, akiniita papa kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume:

"Sasa, papa, muda yote hii ulisoma nini?"

"Nilisoma miji ya watu wa zamani, mama. Nyumba zao, makaburi yao, mitungi yao, vyungu vyao vilivyovunjika."

"Vyungu vilivyovunjika."

"Ndiyo."

"Hapa Rugenge viko vingi. Ungeniandikia barua, ningekutumia."

Hata hivyo aliitundika suti yangu mahali ambapo kila anayepita aliiona.

Nilikuwa ningali nangoja kupewa shule nilipoanza kusikia habari za uasi kutoka uwanda wa Ruzizi. Kwanza ilikuwa upande wa Lubarika, kisha karibu, kisha mjini. Sitaandika siasa yake, wapo walioiandika. Nitasema lililonihusu. Waasi walikuwa wakitafuta watu wa kalamu. Karani, mwalimu, mtu mwenye miwani, mtu mwenye saa ya mkononi: huyo alikuwa wa Wazungu, na aliyekuwa wa Wazungu alikuwa amekwisha. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa kwa sababu ya kalamu tatu mfukoni mwa shati. Hakurudi.

Mama alinikuta nikifunga mrija wa bati kwenye mgongo wangu, chini ya shati.

"Hiyo karatasi ndiyo itakuua. Leta."

"Mama, hii ni miaka tisa ya maisha yangu."

"Minye nilikubeba miezi tisa, na hakuna aliyenipa karatasi. Leta!"

Nikampa. Nikamwuliza ataiweka wapi.

"Sikuambii. Weye hata mwalimu alikuwa akikufinya sikio unasema yote, na ya wenzako pia. Wakikupiga huko njiani, utakuwa hauna cha kusema."

Nikaondoka kabla ya mapambazuko, nimevaa koti la marehemu baba lililotoboka, nikapanda milima. Yeye alinifuata siku nne baadaye. Kwa misimu miwili ya mvua tulikaa upande wa Mulenge, kwa wafugaji waliotupa kibanda. Mama alilima. Mimi, mhitimu wa Roma kwa sifa kubwa, nilikuwa nikifukuza ndama wasiwakaribie mama zao saa za kukamua. Nilifanya hivyo vizuri.

Tuliposhuka, njia zikiwa zimefunguka, nyumba haikuwepo. Ilikuwa imechomwa. Mvua zilikuwa zimeyeyusha kuta zikawa vilima viwili vya udongo, na maporomoko ya mlimani yalikuwa yamefunika uwanja mzima kwa mchanga na kokoto. Mama alisimama katikati. Kisha akaokota kijiti akaanza kufagia mawe.

Jumanne ya wiki iliyofuata nilisikia kwamba shule ya sekondari itafunguliwa tena, na kwamba inspekta wa shule atafika Jumatatu kuwaandika walimu. Nilikwenda kwa karani wake, aliyekuwa ametangulia kufika. Alinisikiliza kwa heshima, kwa sababu namna yangu ya kusema Kifaransa iliwalazimisha watu kuniheshimu, kisha akasema inspekta hapokei nakala wala kiapo. Anataka diploma yenyewe, mkononi. Katika miaka ile ya vurugu kila aliyekalia mashine ya taipu alijipa digrii. Asiye na diploma ataandikwa monitere, mwalimu wa cheo cha chini wa shule ya msingi, au hataandikwa kabisa.

Kuandika Roma kuomba nyingine kungechukua mwaka, kama posta ingefika. Nafasi ilikuwa moja, ya Kilatini na historia. Nilikuwa na siku sita.

"Mama, uliizika wapi?"

"Hatua kumi na mbili kutoka mulangoni, kwa upande wa jikoni. Mu chungu. Niliweka na rozari yangu na kitenge ya harusi."

"Mlango uko wapi sasa?"

Alizunguka. Akasimama mahali pamoja, akasogea, akasimama pengine. Akahesabu hatua kumi na mbili, akaonyesha kwa kidole. Akahesabu tena, akaonyesha mahali pengine kabisa.

"Minye sikusahau," alisema kwa hasira. "Nyumba ndiyo imesahau. Tena nilikuwa ninakimbia. Hatua ya kukimbia na hatua ya kutembea haiko sawa."

Alitaka tulichukue jembe tulime uwanja mzima kama shamba la mihogo. Nikamkataza. Nilimwambia nimesomea jambo hili hili, kwamba katika Kongo nzima hakuna mtu anayeweza kulifanya kama mimi, na kwamba jembe lingevunja chungu na karatasi iliyo ndani. Nikaazima mwiko kwa fundi mwashi na nyuzi kwa watengenezaji wa nyavu. Nikagawa uwanja katika miraba ya hatua mbili mbili, nikaanza na mraba uliokuwa karibu zaidi na mahali pote pawili alipopaonyesha.

Kwa mtu anayejua kusoma, uwanja wa mama ulikuwa kitabu safi kuliko Ostia. Juu kulikuwa na mchanga na kokoto za maporomoko, unene wa kiganja. Chini yake, majivu meusi ya paa la nyasi, na udongo uliookwa na moto ukawa mwekundu. Chini ya majivu, uwanja wenyewe, mgumu, uliofagiliwa na mama kila asubuhi kwa miaka thelathini. Nilijua ninachotafuta. Mama alizika kabla ya moto. Kwa hiyo mdomo wa shimo lake lazima uwe chini ya majivu, na majivu yapite juu yake bila kukatika, kama blanketi juu ya mtu aliyelala.

Nilikuwa nikikwangua, nikichunga udongo kwa ungo wa unga wa muhogo, nikichora kila mraba kwenye kaye, daftari la shule. Wapita njia walisimama.

"Mwalimu, unazika ao unazikua?"

"Anatafuta feza ya Wabelgiji!"

"Na kijiko hiyo? Atafika mwaka kesho."

"Muache. Roma banachimba hivyo."

Mama, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, alikuwa hacheki. Siku ya pili aliniambia, "Weye unachimba kama muntu anayeogopa kuamsha mutoto." Siku ya tatu, Ijumaa, nikaliona shimo.

Lilikuwa mduara, upana wa mkono hadi kiwiko, mahali ambapo mama hakuwa ameonyesha hata mara moja. Nililitambua kwa rangi kabla sijaligusa. Na kabla sijaligusa nikajua pia kwamba limekwisha kutembelewa. Majivu hayakupita juu yake. Yalikuwa yamekatwa ukingoni, wima, kama mkate kwa kisu, na ndani ya shimo ulikuwa umejaa mchanga wa maporomoko. Nilikaa chini. Nilitamani nisiwe nimesoma, niendelee kuchimba kwa matumaini kama mtu mwingine yeyote.

"Ni hapo?" mama akauliza.

"Ni hapo. Lakini hakimo."

"Utajuaje bila kuchimba?"

"Shimo limekata majivu, mama. Mtu alilifungua baada ya moto. Na mchanga wa mvua umeingia ndani yake, kwa hiyo alilifungua kabla ya mvua."

Hakuamini. Akaingiza mkono mwenyewe, akakwangua mchanga wote kwa kucha. Chini palikuwa na alama ya duara ya kitako cha chungu, na punje moja ya rozari yake. Akaishika punje ile, akaanza kuwalaani wezi, baba zao na mama zao.

Nami nilikuwa nikifikiri. Mwizi asiyejua huchimba hapa na pale. Anayetafuta huacha mashimo mengi. Huyu alichimba mara moja, moja kwa moja. Alijua. Nikamwuliza mama ni nani aliyekuwa hapa kati ya moto na mvua ya kwanza. Watu wote wa mtaa walikuwa wamekimbia, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa.

Mama aliacha kulaani. Akageuka polepole akatazama ua wa miyenzi, ile minyaa ya kuzungushia boma.

Nyuma ya ua ule aliishi mjane mmoja, mkubwa kuliko mama, ambaye hakukimbia kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Sisi wadogo tulimwita koko, kama tunavyowaita bibi na babu. Tulimkuta akianika ndagala juu ya mkeka.

"Yaya," mama alimwita kama dada mkubwa, bila salamu, "chungu yangu iko wapi?"

"Iko jikoni. Napikia maharage." Hakuinua hata kichwa. "Ulichelewa kuuliza. Nilisema huyu dada yangu atashuka lini ashukuru."

"Ulichimba uwanja wangu!"

"Nilichimba. Usiku ule ulipozika nilisikia jembe. Muntu gani analima na giza? Nyumba ikaungua, nikaona mawingu mu mulima. Maji ingekuja, chungu ingelala Tanganyika saa hii. Kitenge iko, rozari iko, punje moja ilikatika. Subiri nilete."

Nilishindwa kungoja. "Koko, na mrija wa bati? Karatasi?"

Hapo aliinua kichwa. Uso wake ulibadilika, akajifuta mikono kwenye nguo kama mtu anayetaka kusali.

"Ile barua ya Papa?" alisema. "Ile iko kanisani."

Kanisa dogo la mtaa lilikuwa chumba cha udongo, nusu ya paa ni bati, nusu ni nyasi. Mapadre walikuwa wameondoka tangu mwanzo wa uasi, na Jumapili sala ziliongozwa na katekista, mtu mwembamba aliyekuwa fundi wa baiskeli siku nyingine. Tulimkuta ndani peke yake akifagia. Juu ya meza ya altare, ukutani, chini ya kioo kilichotolewa kwenye dirisha la lori, ilikuwa diploma yangu. Kulikuwa na maua ya plastiki pande mbili. Pembe zake za chini zilikuwa zimepata rangi ya mawese kwa kuguswa.

Nilisimama nikaisoma yote, kuanzia mstari wa kwanza hadi mhuri. Jina langu lilikuwa katikati, kubwa.

"Wewe unajua kusoma," nilimwambia katekista.

"Najua."

"Kwa hiyo uliliona jina langu."

"Siku ya kwanza." Aliegemeza ufagio. "Keti, mwalimu. Koko aliniletea, akasema ameokota kitu cha Kanisa, kina funguo za Petro. Kilatini sijui, lakini jina lako najua, nilikuwa nyuma yako shule ya msingi. Nikataka kumwambia. Lakini watu walioanza kurudi walikuwa wakiniuliza kila siku, Kanisa lingalipo ao limekufa? Padre hayupo, askofu hatujui yuko wapi. Koko akaonyesha watu mhuri kabla sijafungua mdomo. Wakapiga magoti. Sasa ningesema nini? Piga magoti kwa diplome ya muntu wa Rugenge?"

"Ungesema kweli."

"Ningesema. Weye ulikuwa wapi?"

Nikamweleza kuhusu inspekta na Jumatatu. Nilisema karatasi ni yangu, na kwamba ninaiondoa saa hiyo hiyo. Hakubishana. Alisema ni haki yangu, aichukue nani kama si mimi. Kisha akasema jambo moja. Nikiiondoa kimya kimya, watu watafikiri imeibwa, na atakayelaumiwa ni koko, maana ndiye aliyeileta. Nije Jumapili, niishushe mbele ya watu, niwasomee mimi mwenyewe.

"Uwasomee unavyotaka," alisema. "Minye nimechoka kubeba. Ukisema ni ya Papa, nitasema amina. Ukisema ni yako, nitasimama mbele yao nijibu."

Jumamosi yote nilikaa nikitunga barua ya Papa. Kilatini changu kingetosha kuwadanganya makardinali, sembuse Rugenge. Niliitunga nzuri: salamu, faraja, baraka kwa wale waliobaki. Mwishoni ilisema barua hii irudishwe sasa ng'ambo kwa mkono wa mtu msomi. Hakuna ambaye angeumia. Katekista angebaki na heshima yake, koko na imani yake, mimi na kazi yangu. Niliikariri.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Habari zilikuwa zimeenea kwamba aliyetoka Roma atasoma barua ya Roma. Katekista akaishusha, akatoa kioo, akanipa. Watu wakapiga magoti, na mama yangu pamoja nao, ingawa yeye alijua. Nikaanza kusoma Kilatini kwa sauti. Nilisoma kilichoandikwa pale, si nilichokariri, kwa kuwa macho yangu yalikuwa juu ya karatasi. Nilipofika katikati nikakuta jina langu, na nyuma yake maneno ya sifa. Nilikuwa nimevumilia miaka miwili bila kuyaona maneno yale. Hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amewahi kuyasikia.

Sitasema nilisema kweli kwa sababu ya unyofu. Nilisema kwa sababu jina ni langu, na sikuweza kusimama mbele ya watu wangu wote nikampa Papa.

"Inukeni," niliwaambia. "Hii si barua ya Papa. Ni diploma yangu. Inasema kwamba nilisoma Roma miji ya watu wa kale, na kwamba nilifaulu kwa sifa kubwa."

Walibaki magoti chini. Kisha mzee mmoja mlangoni akasema:

"Kwa hiyo miaka hii tuliombea mitihani yako?"

Mwingine akacheka, akajizuia, akashindwa. Katekista alikuwa amesimama kando, jasho linamtoka. Akasema alijua tangu mwanzo, na akaomba msamaha kwa maneno machache kuliko nilivyotarajia. Wanawake wawili walitoka nje bila kuangalia nyuma. Mwanamume mmoja alimwita mwongo, mara mbili, naye akaitika, "Ndiyo, ndugu." Koko hakuinuka. Aliniuliza kutoka pale chini:

"Huo muhuri ulipigwa wapi?"

"Roma, koko."

"Na funguo hizo ni za nani?"

"Ni za Petro. Chuo ni cha Kanisa."

"Basi sikukosea sana." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Leta. Utaipeleka kesho, lakini nitabeba minye. Wewe ulishapoteza mara moja."

Nilitaka kusema kwamba sikuipoteza mimi, bali nilipokonywa. Mama alinitazama, nikampa koko karatasi.

Jumatatu walimu watarajiwa tulikuwa kumi na mmoja kwenye baraza ya biro, ofisi ya inspekta. Wote walikuja peke yao. Mimi nilikuja na mjane wa miguu iliyovimba, tukiwa tumetembea mwendo wa dakika kumi kwa saa nzima, yeye akiwa amekumbatia karatasi iliyofungwa katika kitambaa cheupe cha kanisani. Zamu yangu ilipofika alikaa kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili yangu, akaiweka mapajani.

Inspekta alikuwa kijana kuliko mimi. Akanyoosha mkono.

"Diploma."

"Nawa kwanza," koko alimwambia.

"Nini, mama?"

"Umekuwa ukishika karatasi za watu tangu asubuhi, na ndizi ulikula. Nawa."

Wenzangu mlangoni walikuwa wakisikia yote. Nilitamani sakafu ipasuke. Inspekta alinitazama mimi, akamtazama yeye, akamwita karani alete maji. Akanawa katika beseni, akajikausha kwa leso yake. Ndipo koko akafungua kitambaa.

Alisoma polepole, Kilatini alikuwa nacho kidogo, cha seminari. Akapitisha kidole karibu na pembe zenye mawese, bila kuzigusa, hakuuliza. Akalitazama jina. Kisha akaniomba kitambulisho changu, ili ahakikishe kwamba mwenye jina lile ndiye aliye mbele yake. Nikamwambia nilikitupa mtoni siku niliyokimbia, kama kila mtu mwenye akili.

"Basi nitajuaje kwamba huyu ni wewe?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia tarehe za wafalme wa Roma, au kumchorea mtungi wa Kigiriki na kutaja kila sehemu yake. Nilivuta pumzi nianze.

"Ni yeye," koko alisema. "Huyu hata ukimuficha chini ya udongo, atajitaja. Andika."

Inspekta akachovya kalamu, akaandika.